Plagi ya pini mbili za mviringo, soketi ya pini tatu: ununue nini

Wasomaji walioletewa mashine za kufulia na mabirika ya umeme kutoka Uturuki au Ujerumani wamekuwa wakiniandikia lalamiko lile lile: chombo kinafanya kazi vizuri, ila ukigusa bati lake kinakupiga shoti. Volti hazina kosa, kwa kuwa nchi hizo, kama Tanzania, hutumia volti 230 na hezi 50 (mizunguko ya umeme kwa sekunde). Kasoro iko kwenye plagi, ambayo arthi yake, yaani njia ya usalama inayopeleka ardhini umeme unaovuja kwenye bati, haina pini bali hupita kwenye vibati viwili vya ubavuni, ilhali adapta nyingi za madukani zina matundu mawili tu, na vibati hivyo havigusi chochote.

Kwa hiyo sitazungumzia rangi wala idadi ya matundu. Ukitaka kununua adapta, uliza arthi inapita wapi. Muuzaji atakuwashia taa ili uone kwamba adapta ni nzima, na hapo wengi hutoa pesa, ingawa taa huwaka kwa waya mbili bila arthi yoyote. Mwambie achomeke plagi kwenye adapta, kisha apime kwa mita kama njia imeungana kuanzia kibati cha plagi hadi pini ndefu ya adapta, na kama hana mita wala hataki kuazima kwa jirani, nenda duka jingine. Itazame pia pini ndefu yenyewe: ikiwa imevikwa plastiki nusu yake kama zile fupi mbili, hiyo ni bandia, kwa sababu plastiki hiyo ni ya pini za moto na nyutro pekee, na ikiwekwa kwenye arthi huzuia mguso.

Chaguo langu la kwanza si adapta. Kata plagi ya zamani, kisha fundi akufungie plagi ya pini tatu ya MK, kampuni ya Uingereza iliyoanza mwaka 1919, ambayo sifichi kwamba naipendelea kwa jinsi skrubu zake zinavyobana waya. Waya wa kijani na njano huenda kwenye pini ndefu, wa kahawia kwenye upande wa fyuzi, na wa bluu kwenye pini iliyobaki. Kabla ya kukata, soma masharti ya waranti.

La pili ni kasha linaloifunika plagi nzima na kufungwa kwa skrubu, lenye vibati vya arthi na fyuzi ya ampea 13 ndani. Ni adimu, na wauzaji wanaolijua hupandisha bei mara tu unapotaja mashine ya kufulia.

Adapta ndogo za bei rahisi zinafaa chaja ya simu, basi.

Vyombo vya volti 120 kutoka Marekani vinahitaji transfoma, ambayo hushusha volti lakini haibadilishi hezi 50 za hapa kuwa 60 za huko. Kikaushia nywele cha wati 1,875, kama zilivyo vingi vya Marekani, kinadai transfoma ya wati zaidi ya 2,000, zito na la gharama kuliko kikaushia chenyewe. Nunua kingine cha volti 230. Na wati zinazochapwa kwenye transfoma nyingi ni za kilele cha dakika chache, jambo ambalo muuzaji halisemi mpaka liungue, na likishaungua atakuambia kwamba bidhaa ikiuzwa hairudishwi.