Ghuba ya Malindi kwa wapenda kuteleza mawimbini

Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya imekingwa na miamba ya matumbawe, kwa hiyo mawimbi huvunjikia mbali na ufuo. Lakini katika ghuba ya Malindi, ambako maji yasiyo na chumvi na tope la mto Sabaki huyanyima matumbawe nafasi ya kustawi, mawimbi hufika hadi mchangani, na hilo ndilo linaloipa ghuba hii thamani kwa mwenye ubao.

Msimu wake ni wa kusi, hasa Julai na Agosti. Kwa kuwa mengi ya mawimbi hayo huletwa na upepo wa karibu, hufuatana upesi na bila mpangilio, na upepo ukishakolea mchana, kusimama ubaoni huwa kazi kwelikweli. Ni afadhali kuingia asubuhi mapema, maji yakijaa, wakati wimbi huinuka taratibu na povu lake kuusukuma ubao hadi maji ya magotini. Kwa anayejifunza napasifu bila kusita, maana ukianguka unaangukia mchanga, si mwamba wenye kukata. Mzoefu anayetaka wimbi refu lenye umbo safi hataridhika.

Mvua zikinyesha bara, maji hugeuka rangi ya udongo hata miguu yako mwenyewe huioni. Msimu wa kaskazi ghuba hutulia, na ubao hauna kazi. Siku za bamvua, yaani za kujaa na kupwa kukubwa, maji yanapokupwa, mkondo huwa na nguvu, hivyo waulize kwanza wavuvi wa hapo ufuoni.