Takwimu za lala salama za NBA: zinatosha kumchagua wa kupewa mpira?

Sehemu ya “Clutch” (lala salama) kwenye tovuti ya takwimu ya NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, ni ya bure na ina data nyingi. Inahesabu dakika 5 za mwisho, tofauti ikiwa haizidi pointi 5. Unaweza kubana hadi sekunde 30 au 10, lakini hapo mitupo inabaki michache mno kumpima mtu. Bakini kwenye dakika 5, na tazameni misimu 2 au 3 kwa pamoja.

Tatizo kubwa ni kupanga majina kwa asilimia ya mitupo. Mchezaji aliyefunga mitupo 9 kati ya 20, yote ya pointi mbili, ana asilimia 45 na pointi 18. Mwenzake amefunga 8 kati ya 20, minne ikiwa ya pointi tatu: asilimia 40, pointi 20. Jedwali linamweka wa pili chini, na hiyo si haki hata kidogo! Angalieni pia mitupo huru na mipira iliyopotezwa.

Jedwali hilo pia halioneshi vizuri anayevuta mabeki wawili. Fainali ya 1997, mchezo wa 6, ubao ukisoma 86-86: John Stockton wa Utah alimwacha Steve Kerr wa Chicago akamkimbilia Michael Jordan, mwenzake Kerr, Jordan akatoa pasi, Kerr akafunga. Mpeni mpira anayeiona pasi ile.