Uzoefu wangu na kituo cha familia za wageni hapa Mwanza

Hapa Kirumba nimepangisha chumba na sebule kwa familia iliyotoka Bukavu, Kongo. Baba ananunua dagaa soko la Mwaloni na kuwapeleka kwao, vibali vya ukaazi wanavyo. Kilichowasumbua ni shule. Mkubwa wao alikuwa anaingia darasa la tano, akarudishwa la tatu. Tukaambiwa hesabu hajui, Kiswahili hajui. Mtoto huyu Kiswahili ndicho alichonyonya! Tofauti ni kwamba kisamvu anakiita sombe, na dagaa anawaita sambaza.

Nikawasindikiza kituoni. Mwalimu mstaafu alitupokea, akaomba daftari kabla ya kuuliza jambo lolote. Ukurasa mzima ulikuwa na alama za kukosa za wino mwekundu. Mtoto alikuwa ameandika 3,5 + 2,25 = 5,75. Mwalimu akamwambia, “Nisomee hapa, mwanangu.” Akasoma kwa Kifaransa, kwa sauti ndogo. Basi mwalimu akachukua penseli, akaweka nukta palipokuwa na mkato, mstari baada ya mstari. Kwao desimali huandikwa kwa mkato, sisi tunaweka nukta. Hesabu zote zikawa sahihi isipokuwa moja. Mama yake alilichukua lile daftari, akalifunga ndani ya kitenge chake. “Aksanti sana, mama mwalimu.”

Mwalimu hakuishia hapo. Alikwenda mwenyewe kuonana na mwalimu mkuu, na baada ya wiki mbili mtoto akarudi la tano. Sasa anapata masomo ya ziada jioni, bure.

Upande wa makaratasi pia watu wa kituo wanasema ukweli. Nilimkuta mama aliyetoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kwa kibali cha kumleta mtoto hospitali, siku zikiwa zinayoyoma. Walimweleza wazi kwamba kwa Sheria ya Wakimbizi ya 1998 hawezi kukaa nje ya kambi bila kibali, wakamsaidia kuandika barua ya kuongezewa muda siku ileile. Hakudaiwa hata shilingi.

Mawili hayajakaa sawa. Darasa la akina mama ni Jumamosi saa tatu asubuhi, wakati ambao wengi wao wako Mwaloni wanafungasha dagaa. Mpangaji wangu amehudhuria mara mbili tu. Niliwaambia, wakasema wataliangalia; tangu hapo huu ni mwezi wa tatu.

La pili liliniuma zaidi. Mapokezi hakuna anayejua Kirundi. Nilimwona binti wa miaka kama minane akimtafsiria mama yake habari za kutokwa damu, macho ameyainamisha sakafuni. Wanawake wa Kirundi wamejaa mtaani kwetu, na wapo ambao wangekuja hata siku mbili kwa wiki wakiombwa. Nimekwisha kuwapelekea jina la mmoja.

Bado nawaelekeza wageni waende. Ukienda kwa ajili ya shule, beba daftari za mtoto, usibebe ripoti peke yake.