Ridhaa ya mzazi: asaini ndo mtoto aingie, au akikaa kimya tuhesabu kakubali?

Kama unafanya utafiti shuleni, ukishakubaliwa na mwalimu mkuu usidhani umemaliza, hiyo ni ruhusa ya kuingia shuleni tu, ridhaa ya kuongea na watoto ni kitu kingine kabisa. Hapo njia ziko mbili.

Ya kwanza, mzazi anasaini fomu ndo mtoto anashiriki. Kimaadili iko safi, ila fomu zinapotelea kwenye mabegi, wazazi wengine hawajui kusoma, unajikuta umebaki na watoto ambao wazazi wao wanafuatilia sana shule, na wale uliotaka hasa kuwasikia (watoro, wenye shida nyumbani) hawamo kabisa kwenye data yako.

Ya pili, barua inaenda nyumbani na asiyetaka ndo anairudisha. Unapata watoto wengi na wa kila aina, lakini je, barua ilifika? GDPR, sheria ya data ya Umoja wa Ulaya inayotumika tangu 2018, haihesabu kimya kuwa ni ridhaa.

Mi naona kama unakaa tu nyuma ya darasa kuangalia somo, njia ya pili inatosha, ilimradi kamati ya maadili (ile inayokagua utafiti kabla haujaanza) imeipitisha. Ila ukianza kumhoji mtoto mmoja mmoja na kumrekodi sauti, saini lazima hata ukipoteza nusu ya darasa. Na mtoto mwenyewe aulizwe, tena mwalimu asiwepo hapo, maana mbele ya mwalimu nani atasema hapana? Aambiwe pia anaweza kujitoa katikati bila kuulizwa kwa nini.