Kashata au visheti kwa Idi ya ugenini Mwanza?
Kwa Mkenya wa Pwani anayeishi Mwanza na kutaka kuwaandalia marafiki vitamu vya Idi alivyopika mwenyewe, swali la kashata au visheti hurudi kila mwaka. Kwa gharama, kashata za karanga zinashinda, kwa kuwa karanga hulimwa Kanda ya Ziwa yenyewe. Za nazi ni jambo jingine, maana nazi husafirishwa kutoka pwani, na kashata zake huharibika upesi. Visheti huhitaji unga wa ngano, samli na mafuta mengi ya kukaangia, pamoja na mikono ya kusaidia kukata na kukunja, ingawa kazi hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo nusu ya karamu wageni wakiitwa mapema. Ugumu wa kashata umo katika dakika chache tu: sukari ikiungua huwa chungu, na mchanganyiko usipokatwa ungali na moto huvunjika ovyo. Unyevu wa msimu wa mvua hunatisha vyote viwili, hivyo chombo chenye mfuniko ni lazima. Anayepika peke yake baada ya kazi atafaidika na kashata. Mwenye wasaidizi na karai kubwa achague visheti.