Darubini ya milimita 70: stendi inatetemeka, ila imenifanya nielewe ugomvi wa Galileo

Nimekaa na hii darubini karibu mwaka kwahiyo naona naweza kuiongelea. Lenzi ya mbele ina upana wa milimita 70, urefu wa mrija kama milimita 700, inakuja na lenzi mbili za kuchungulia, moja inakuza mara 28 na nyingine mara 70. Nilitoa laki tatu na nusu, duka sitalitaja. Kwenye boksi wameandika inakuza mara mia tano na kitu, hiyo msiisikilize kabisa, kwa lenzi ya upana huu ukivuka mara 140 hivi unabaki kuangalia ukungu.

Tatizo kubwa ni stendi. Yani ukigusa tu picha inacheza, na upepo wa jioni hapa Tanga ndo usiseme. Usiku wa kwanza nilihangaika na Mshtarii dakika arobaini nzima, nilipompata na vile vinukta pembeni yake, ndo miezi yake inayomzunguka, nikamuita bamdogo, akainama akachungulia weee, akaniambia mwanangu mimi naona cheche tu, hivyo vinukta vyako labda ni vumbi la kwenye kioo.

Iliniuma kwakweli. Lakini kesho yake nikakumbuka hayo maneno ndo yaleyale aliyokutana nayo Galileo, yule Mwitaliano aliyeielekeza darubini angani, na tangu hapo ule ugomvi nauona tofauti kabisa. Shuleni tulimezeshwa kwamba ilikuwa kanisa dhidi ya sayansi, basi. Ni kweli kanisa lilikuwepo, kitabu cha Copernicus kinachosema dunia inazunguka jua kilizuiwa 1616 na Galileo akahukumiwa 1633 akafungiwa nyumbani mpaka kifo 1642, ila ubishi ulianza kabla ya hapo na ulianzia kwenye kioo. Januari 1610 ameona vinukta pembeni ya Mshtarii, Machi ametoa kitabu Venice, Aprili kaibeba darubini yake mpaka Bologna kwa mtaalamu wa hesabu Magini, wasomi wakachungulia na wakatoka wanasema hawajaona kitu cha kueleweka. Kijana mmoja aliyekuwepo, Martin Horky, akamwandikia Kepler, mtaalamu wa nyota wa Prague, kwamba hiki chombo huku chini kinafanya maajabu ila ukikielekeza juu kinadanganya, nyota moja inaonekana mbili. Na hakusema ujinga jamani! Darubini ile ilikuza mara 20 hivi, vioo vya zama zile vilikuwa na kasoro kibao, halafu kale kaeneo unakoona ni kadogo hata mwezi mzima hauenei. Hii yangu mwezi unaenea wote na nafasi inabaki, na bado bamdogo kaona cheche.

Kepler ndo alinifundisha nifanyeje. Mwishoni mwa Agosti 1610 kule Prague aliazima darubini iliyotengenezwa na Galileo, akawa anatazama na wenzake, kila mmoja anachora kwa chaki alichokiona bila kumuonyesha mwenzie, ndo wanalinganisha. Basi na mimi nikaning'iniza dumu la maji la lita tano katikati ya stendi (jaribuni hii, mtetemo unapungua sana), nikagawa karatasi kwa watoto watatu wa hapa nyumbani, kila mtu achore peke yake. Zote tatu zimetoka sawa, vinukta vitatu upande mmoja na kimoja upande wa pili, vyote kwenye mstari. Bamdogo akazitazama zile karatasi muda mrefu, akarudi kwenye darubini mwenyewe. Safari hii aliviona.

Februari 2025 Zuhura ilikuwa inawaka jioni, tukaiona imekatika kama mwezi mwandamo, hata ile lenzi ya mara 28 inatosha kabisa. Hapo nikaanza kumueleza kwamba Galileo aliifuatilia mwisho wa 1610 ikitoka duara mpaka hilali na hiyo inaonyesha inazunguka jua, bamdogo akanikatisha: sawa Zuhura inazunguka jua, sasa dunia je? Kama na sisi tunatembea mbona nyota hazisogei? Aisee nilikaa kimya. Hilo ndo swali lililomfanya Tycho Brahe akatae dunia kuzunguka, na yule alikuwa anapima anga kuliko mtu yeyote wa wakati wake. Jibu lilichelewa mpaka 1838, mtaalamu wa nyota Bessel alipoupima msogeo wa nyota moja unaoonekana kwa sababu dunia inatembea, pembe yake ni ndogo kama sarafu ya sentimita mbili na nusu ukiitazama kutoka kilomita 16. Kwahiyo kwa miaka karibu mia tatu tangu kitabu cha Copernicus cha 1543, aliyekuwa anabisha alikuwa na hoja mkononi, na aliyekuwa sahihi hakuwa na cha kumuonyesha kwa swali hilo.

Naipa nne kwa tano, moja nimeitoa kwa ajili ya stendi. Kama una watoto nunua. Msielekeze kwenye jua hata sekunde moja, jicho linaungua na halirudi. Na kwa wa pwani, chumvi na unyevu vinaleta fangasi kwenye lenzi, mimi yangu nailaza kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko pamoja na vile vipakti vya silika vinavyokuja na viatu, mpaka leo kioo ni safi.