Dawa za vimelea kwenye tangi la samaki: ununue nini kwanza ukiwa Malindi

Kabla hujaulizia dawa, nunua beseni. Liwe jipya, lisiwe limewahi kuguswa na sabuni, liingie lita 20 hivi, na uliwekee pampu ndogo ya hewa. Samaki mgeni akae humo wiki mbili hadi tatu kabla ya kuungana na wenzake, maana vimelea vingi huingia tangini na samaki mpya au majani ya mmea mpya. Mwenye pesa ya kitu kimoja tu anunue hilo beseni, chupa zingoje.

Katika dawa zenyewe, nafasi ya kwanza naipa chumvi ya mawe. Mashamba ya chumvi yako hapo Gongoni na Marereni, na dukani hakuna dawa nyingine inayoishinda kwa bei. Chumvi ya mezani yenye iodini pia hufaa. Iliyotiwa viungo usiiguse. Hii ndiyo dawa ya madoa meupe, ugonjwa unaomfanya samaki aonekane kama aliyemwagiwa sukari, akawa anajisugua kwenye changarawe. Kimelea chake kikiwa chini ya ngozi ya samaki, hakuna dawa ya majini inayokifikia. Kikishakomaa hudondoka, hujigawa huko chini na kutoa vitoto kwa mamia, na vitoto hivyo visipopata samaki ndani ya siku mbili hivi hufa. Dawa huvipata wakati huo vinapoogelea, basi. Kwa hiyo madoa yakitoweka siku ya nne usifurahi mapema. Endelea siku 10 hadi 14.

Kipimo: gramu 2 kwa kila lita. Kupata lita za tangi, zidisha urefu, upana na kina cha maji kwa sentimita, kisha ugawanye kwa 1,000. Tangi la 60 kwa 30 kwa 30 lina lita 54, ukitoa changarawe na mawe zibaki kama 50, yaani gramu 100 za chumvi. Iyeyushe kwenye jagi, utie kwa mafungu matatu kwa muda wa siku moja na nusu. Maji yakipungua kwa joto, ongeza maji matupu, kwa kuwa chumvi haipandi na mvuke. Ukibadilisha maji, rudisha chumvi ya yale uliyoyatoa tu. Na kama unachota kisima kilicho karibu na bahari, yaonje kwanza: mara nyingi yana chumvi yake tayari. Samaki aina ya gapi na moli huistahimili vizuri. Kambare wadogo na mimea mingi hawaipendi, hao wahamishie beseni.

Hita usinunue. Ushauri wa kupasha maji moto unatoka nchi za baridi. Kwetu msimu wa kaskazi tangi hukaribia sentigredi 30 lenyewe, na kimelea hukimbiza mzunguko wake, jambo linaloisaidia dawa. Ila maji ya moto hubeba hewa kidogo, kwa hiyo pesa ya hita iende kwenye pampu ya betri, stima ikipotea usiku samaki wasibaki wakihema juu.

Ya pili ni dawa ya kichocho, prazikwanteli, inayouzwa duka la dawa la binadamu kwa vidonge vya miligramu 600. Hutibu minyoo bapa ya matamvua na ngozi, na tegu wa tumboni. Dalili: samaki ahema upande mmoja, au akonda ilhali anakula. Kipimo ni miligramu 2.5 kwa lita, kwa hiyo robo ya kidonge inatosha lita 60. Isage sana, haiyeyuki kirahisi. Mayai ya baadhi ya minyoo hiyo hayafi, ndiyo maana unarudia baada ya wiki.

Ya tatu iko agroveti, kwenye rafu ya dawa za mbuzi: levamisoli. Ukiona nyuzi nyekundu zimechomoza nyuma ya gapi, hiyo ni minyoo, na chumvi haitakusaidia, wala dawa ya kichocho. Soma lebo kwa makini, na hapa ndipo wengi hununua vibaya. Chupa nyingi huwa zimechanganywa na oksiklozanidi, na jirani yake ni albendazoli. Unayoitaka ni levamisoli peke yake. Ikiwa ni ya asilimia 1.5, kila mililita ina miligramu 15. Kipimo ni miligramu 2 kwa lita, hivyo lita 60 zataka mililita 8. Zima taa, acha saa 24, kisha nyonya uchafu wote wa chini kwa mpira, kwa sababu minyoo hupooza ikaanguka hapo. Rudia baada ya wiki mbili au tatu.

Chupa za rangi za maduka ya samaki naziweka ya nne. Zile za kijani zenye formalini hufanya kazi, lakini formalini hula hewa ya maji ambayo tayari ni ya moto, na ile ya bluu huua bakteria wazuri wa filta, kwa hiyo itumike beseni tu. Iliyopimiwa kwenye kichupa kisicho na lebo irudishe. Kwa dawa yoyote, toa mkaa wa filta kwanza, na usichanganye mbili.

Ya mwisho ni mrututu, yaani salfeti ya shaba. Huua vimelea kweli, na konokono na kamba pia, na tofauti kati ya kipimo cha kutibu na cha kuua samaki ni ndogo mno. Bila kifaa cha kupimia shaba, uache.

Wenye samaki wa bahari, hesabu hizi si zenu. Madoa yao meupe ni ya kimelea kingine, na chumvi ndiyo nyumba yake.

Konokono hawahitaji dawa. Punguza chakula, weka kipande cha tango usiku, asubuhi ukitoe nao wakiwa juu yake. Ukipuliza dawa ya mbu chumbani, zima pampu, funika tangi, na usiiwashe mpaka harufu iishe.